Kisima kimehamia kwa jirani: kutatua matatizo ya ramani shirikishi vijijini Tanga na Bagamoyo

Tulibandika ramani kwenye ukuta wa darasa, kijiji kimoja cha Handeni, kubwa kama shuka la kitanda. Watu wakasogea kuitazama kama wanavyotazama picha ya harusi, kila mtu anajitafuta mwenyewe. Mama mmoja akaweka kidole kwenye barabara, akaifuata hadi shule, akakata kushoto, akasimama. "Jamani, kisima chetu mbona mmewapa wenzetu?"

Kijana wetu wa kompyuta keshafungua laptop. Bofya hapa, vuta pale, kisima kirudi nyumbani, mkutano uendelee. Afisa ardhi tuliyekuwa naye akaifunga ile laptop taratibu kwa kiganja. "Kwanza tujue nani kahama," akasema. "Kisima, au mpaka?"

Nimelichukua swali lile likawa langu. Maelezo haya ni kwa wanaoshika kazi yenyewe ya kuchora ramani za ardhi ya kijiji pamoja na wanakijiji: watendaji wa vijiji, wajumbe wa kamati za matumizi ya ardhi, maafisa wa wilaya, na vijana wanaokabidhiwa vishkwambi asubuhi na kuambiwa "nendeni mkapime". Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho kabla hujajua kimetokana na nini.

Kabla hujagusa chochote

Chagua vitu vitatu visivyohama na vinavyojulikana na kila mtu: msikiti, shule, njia panda. Simama pale, soma simu inasemaje, kisha tazama ramani imeviweka wapi.

Vikiwa vimesogea vyote, upande uleule na umbali uleule, kosa ni la hesabu. Dawa yake iko mezani, wala huna haja ya kumwita mtu. Kikisogea kimoja tu, au kipande cha mstari, basi kosa ni la aliyepima, au la aliyeulizwa, au ardhi yenyewe imebadilika. Hilo halitibiwi mezani. Ukilisogeza kwa kipanya umekata shauri la watu bila kuwaita barazani.

Na lile faili la kwanza lililotoka uwandani usiliguse kabisa. Nakili, fanyia kazi nakala.

Pointi zimetua nchi nyingine

Hili huwatisha wageni wa kazi kuliko matatizo yote, na ndilo jepesi kuliko yote.

Tanga mjini ni takriban nyuzi 5.07 kusini na 39.1 mashariki. Bagamoyo ni kama 6.44 kusini na 38.9 mashariki. Kusini mwa ikweta latitudo huandikwa na alama ya kutoa mbele yake. Ikisahaulika, kijiji chako cha Muheza kinaibukia kusini mwa Ethiopia. Ukizigeuza safu mbili, latitudo ikakaa penye longitudo, unatua Hispania. Nimewahi kuviona visima vya Mkinga vimejipanga vizuri huko Hispania.

Kama unatumia UTM, yaani koodineti za mita badala ya nyuzi zinazoigawa dunia kwa kanda, ukanda wetu ni wa 37 kusini. Ukichagua 36 kwa bahati mbaya, Tanga inahamia jirani na Tabora mjini. Hili ni baya zaidi ya Hispania, kwa sababu bado uko Tanzania na asiye makini hashtuki. Ukichagua 37 kaskazini unapelekwa karibu na ncha ya dunia, kwenye barafu.

Kuna jingine la kimyakimya. Nyuzi 5 na dakika 30 si 5.30, ni 5.5. Kijana akiandika 5.30 amekosea kama kilomita 22, na kwa kuwa pointi bado imo ndani ya mkoa, inaweza kupita hadi kwenye karatasi ya mwisho. Amueni siku ya kwanza mnatumia mtindo upi wa koodineti, muuandike kwenye ubao, na simu zote zisetiwe hivyo.

Ramani nzima imesogea kama mita mia tatu

Umechukua ramani ya zamani ya mizani ya 1:50,000, ukaipiga skani, ukaweka juu yake njia mliyotembea na simu. Barabara ya kwenye karatasi iko sambamba na mliyotembea, sura ileile, kona zilezile, ila imekaa takriban mita 300 kaskazini na kama 90 magharibi. Watu watasema GPS haiaminiki. GPS haina kosa.

Ramani zile zilichorwa kwa datamu, yaani msingi wa kuhesabia koodineti, iitwayo Arc 1960, wakati simu inatumia WGS 84. Ni kama watu wawili wanaohesabu saa, mmoja kwa saa za Kiswahili na mwingine kwa saa za kizungu: wote wako sahihi, ila wakipanga kukutana saa mbili kila mmoja atamngoja mwenzake. Ndani ya QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, eleza kwamba ramani ya karatasi ni Arc 1960, ukanda wa 37 kusini, nayo itaibadilisha yenyewe. Usiivute kwa mkono mpaka "ikae". Ikionekana imekaa pale msikitini, huna hakika kama imekaa kwenye mpaka wa mashariki.

Picha za setilaiti nazo husogea, lakini kwa mita chache tu, na si sawa kila mahali. Shamba likionekana limeuruka ua wa minyaa kwa mita tano hivi pichani, amini ua wa minyaa.

Kona zimekatwa, mstari umepinda kama mlevi

Hapa tazama aina ya mpindo.

Mstari ulionyooka kama rula, unaokata katikati ya bwawa au juu ya nyumba za watu, maana yake simu ililala. Simu nyingi za Android huzima programu iliyo nyuma ya kioo ili kuokoa chaji. Mpimaji alitembea kona zote kwa uaminifu, simu mfukoni, na simu ikarekodi mwanzo na mwisho tu. Nenda kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu yako ya kupimia ifanye kazi bila kizuizi, na kabla ya kuondoka mtembee duara moja kuzunguka ofisi ya kijiji kuona kama linatoka duara. Beba na pawabenki.

Mstari unaoyumbayumba kama nyuzi za buibui ni wa mawimbi hafifu. Chini ya mikorosho iliyoshonana, ndani ya makorongo ya Lushoto, au umesimama na bati pembeni yako, simu hupokea mawimbi yaliyogonga vitu kwanza. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea mita tatu hadi tano. Chini ya miti makosa huongezeka. Usipime huku unatembea: simama kwenye kona, subiri, acha simu ichukue vipimo vingi itoe wastani, kisha nenda kona nyingine. Na kule ambako hakuna mtandao, simu iliyozimwa usiku kucha huchukua dakika kadhaa kujua iko wapi. Iache mahali peupe mkiwa mnakunywa chai.

Swali la mita tano ni kubwa au ndogo linategemea unachopima. Kwa kutenga eneo la malisho na eneo la kilimo, mita tano si kitu, ng'ombe hawazioni. Kwa hati miliki ya kimila ya kiwanja chenye upana wa mita ishirini, mita tano ni robo ya urithi wa mtu. Hapo azima kifaa cha kupimia chenye usahihi zaidi kutoka wilayani, simu iwe ya kuchukulia majina na picha.

Mwenye shamba anasema eka tatu, simu inasema mbili

Hili limevunja imani ya watu kwenye vifaa kuliko yote niliyoyaona, na siku zote wa kwanza kulaumiwa ni kijana wa simu.

Tulikuwa bonde la Wami, upande wa Bagamoyo, na mzee mmoja mwenye shamba la ufuta. Tukalizunguka pamoja, akatangulia na panga akikata njia. Simu ikatoa eka 2.04. Mzee akaitazama simu, akanitazama mimi. "Kijana, shamba hili nimelilima tangu mkubwa wangu anazaliwa. Ni eka tatu." Mwanawe aliyekuwa nyuma akaanza kunung'unika kwamba ndivyo wanavyoanza, kwanza karatasi inapungua, kisha shamba.

Nikamwomba anionyeshe anavyopima eka. Akapiga hatua 70, akageuka, akapiga 70 nyingine. Hivyo ndivyo eka inavyopimwa pwani nzima, na hesabu yenyewe ina asili nzuri tu: yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na eka halisi ni 4,840. Tatizo ni kwamba hatua ya mtu si yadi. Ya yule mzee tuliipima kwa futi kamba ikawa sentimeta 75. Hatua 70 zake ni mita 52 na nusu, na eka yake basi ni mita za mraba 2,756, wakati eka ya vitabuni ni 4,047. Eka zake tatu ni mbili za serikali. Shamba halijapungua hata tuta moja.

Mzee akacheka. Mwanawe hakucheka sana, ila aliacha kunung'unika.

Basi, fanyeni hivi siku ya kwanza kabla hamjapima shamba la mtu yeyote. Tandazeni futi kamba uwanjani, mpime mraba wa mita 63.6 kila upande, mweke vigingi vinne. Hiyo ndiyo eka. Watu watembee wauone, wahesabu hatua zao. Na kwenye fomu wekeni nafasi mbili: eka alizotaja mwenyewe, na eka zilizopimwa. Msifute ya kwanza. Itawasaidia miaka kumi baadaye, pale mjukuu atakapokuja na karatasi ya mauziano iliyoandikwa eka tatu.

Dalili ndugu yake: programu inasema shamba la hekta tano lina ukubwa wa 0.000004. Hiyo ni kompyuta inahesabu eneo kwa nyuzi badala ya mita. Hamisha data kwenye UTM kwanza, kisha hesabu. Na hekta moja ni eka 2.47, wengi huzichanganya zikishafika kwenye taarifa.

Vijiji viwili, mpaka mmoja, mistari miwili

Hapa ndipo kisima cha Handeni kilipoponea, na hapa ndipo kazi nyingi hulala.

Dalili ni kwamba ukiweka ramani za vijiji jirani pamoja, zinapandana, au zinaacha ukanda usio wa mtu katikati. Vyanzo nilivyokutana navyo ni vinne, na mara nyingi huja viwiliviwili.

Cha kwanza, mstari umetoka kwenye data za sensa. Mafaili yale ni rahisi kupatikana na yamechorwa vizuri, kwa hiyo kila mtu huyachukua kuwa msingi. Lakini maeneo ya sensa yalichorwa ili karani asihesabu nyumba mara mbili au kuiruka. Hayakuwekwa ili kugawa ardhi. Kule Handeni kisima kilikuwa pale pale kilipochimbwa. Mpaka ndio uliotoka kwenye faili la kuhesabia watu, na hakuna mzee hata mmoja wa kijiji chochote kati ya viwili aliyewahi kuusikia. Mstari wa aina hiyo utumie kujua uko kata gani, basi.

Cha pili, ramani ni ya kabla ya kugawanyika. Kilindi ilitoka Handeni, Mkinga ilitoka Muheza, Chalinze ilitoka Bagamoyo. Vijiji navyo huzaa vijiji. Kijiji kinaweza kuwa na cheti cha ardhi ya kijiji kilichotolewa wakati kitongoji cha mbali kilikuwa chake, na leo kitongoji kile ni kijiji chenye mwenyekiti na muhuri. Kabla ya kuchora, muulize mtendaji akuonyeshe cheti chenyewe, usiridhike kuambiwa kipo.

Cha tatu, mto. Wazee walikubaliana "mpaka ni mto", na mto kwao ulikuwa mtu wa kuaminika. Ruvu na Wami, zikikaribia bahari, huhama. Masika moja nzito, mto unakata kona, na mashamba ya mpunga yaliyokuwa ng'ambo yanajikuta huku. Kijiji kimoja kinachora mto wa leo, kingine kinachora mto wa zamani ambao sasa ni dimbwi lenye matete. Wote wanasema kweli. Usiulize "mto uko wapi", uliza "mlipokubaliana, mto ulikuwa unapita wapi", kisha wazee wa pande mbili watembee pamoja hadi kwenye lile dimbwi. Wakishakubaliana, acheni mto. Wekeni vigingi au mawe yenye koodineti, na muhtasari uandike nambari za vigingi. Mbuyu nao ni shahidi mzuri ila hufa, na mkwaju hukatwa mkaa.

Cha nne ndicho cha kawaida kabisa: kila kijiji kilitembea mpaka peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inautambua mpaka wa kijiji pia kwa makubaliano ya vijiji jirani, na makubaliano hayafanywi na upande mmoja. Wajumbe wa pande zote mbili watembee siku moja, simu mbili, moja ya kila upande. Jioni, chini ya mti, zilinganisheni zile simu mbele ya watu wote. Mihtasari isainiwe hapo hapo kabla jua halijatua, maana kesho yake kuna mtu atakuwa ameongea na shemeji yake.

Wakishindwa kukubaliana, chora mistari yote miwili ya mkatomkato kwa rangi moja, andika kati yake "eneo lenye mgogoro", peleka suala wilayani, endelea na sehemu nyingine ya kijiji. Ramani yenye doa la ukweli inafaa kuliko ramani safi ya uongo. Nimewaona waliolazimisha mstari mmoja ili ripoti ya mradi ifungwe kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha. Ripoti ilifungwa. Miezi mitatu baadaye watu walikatana mapanga.

Na kisima? Wanawake wa vijiji vyote viwili walikuja siku ile ya kutembea mpaka, na ikabainika wanachota wote pale tangu enzi na enzi, wakipanga foleni bila ugomvi. Sheria ileile inaruhusu vijiji kuwekeana makubaliano ya matumizi ya pamoja. Wenzetu wa Kiteto walitumia njia hiyo kwa malisho, kwenye OLENGAPA, mpango wa vijiji jirani kutumia malisho kwa pamoja. Kisima kikaandikwa ni cha wote.

Ramani inaonyesha pori tupu

Pori tupu halipo. Ukiona sehemu kubwa ya ramani ya matumizi ya ardhi yaliyopo imeachwa nyeupe, au imepewa jina "msitu" na "vichaka" bila la ziada, jiulize mlipima mwezi gani na mlikuwa na nani.

Mkipima Agosti, mbuga za mpunga zinaonekana uwanja wa mpira. Mkipima Aprili, njia za ng'ombe kwenda mtoni hazionekani, kwa sababu ng'ombe wako kwingine. Wafugaji wa Kilindi na wa bonde la Wami hukosekana kwenye ramani nyingi si kwa ubaya, ni kwa sababu timu ilipita wakati wamehama na mifugo na hakuna aliyetuma ujumbe. Halafu mpango unapitishwa, mapito ya mifugo yamepandwa mahindi, na kila mtu anajifanya kushangaa. Dawa ni ya kizamani na haina bando: chora ramani ya chini kwanza, majivu yawe barabara, majani yawe msitu, punje za mahindi nyumba, kisha uliza mwezi kwa mwezi. Januari nani yuko hapa? Kiangazi maji yanatoka wapi? Simu inakuja baada ya hapo.

Kuna na nyeupe ya aina nyingine. Nilikuwa kijiji cha pwani ambako wanaume walichora barabara, mashamba, minazi na viwanja vya kuuza. Tukawaomba wanawake wachore ya kwao pembeni. Yao ilikuwa na vichaka vya kuni, mashamba ya chumvi, mikoko na njia za kuingilia, na nje kabisa, penye bahari, viboksi vya mwani. Kijana akasema hivyo haviwezi kuingia kwa sababu ardhi ya kijiji inaishia ufukweni. Kisheria ana hoja. Lakini njia ya kwenda kwenye mwani inapita nchi kavu, na ikiuzwa kwa hoteli, mwani umekufa. Njia ikaingizwa. Mambo ya baharini yenyewe muwaite wenzenu wa BMU, vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi.

Sehemu nyingine nyeupe iacheni nyeupe. Uziguani na Bondei kuna mahali pa mizimu, na utagundua kwenye ramani ya chini kila mzee anapazunguka kwa kidole bila kupataja. Usibonyeze GPS pale. Omba ruhusa ya kuchora eneo kubwa zaidi linalopafunika, liitwe eneo la hifadhi ya kijiji, bila jina wala pointi. Faili la kompyuta likishatoka kijijini hujui litafunguliwa na nani.

Mpango umegonga hifadhi, au mkonge

Kamati imepanga vizuri, makazi huku, kilimo kule, kisha wilayani wanasema sehemu ya juu si ya kijiji. Ardhi ya Tanzania ina makundi matatu: ya kijiji, ya hifadhi na ya jumla. Mpango wa kijiji unapanga ardhi ya kijiji tu. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, misitu ya serikali na mikoko ni hifadhi. Mashamba makubwa ya mkonge yenye hatimiliki ni ardhi ya jumla, hata kama mkonge wenyewe ulishageuka msitu na watu wanalima mihogo humo tangu babu zao. Mkonge uliingia Pangani mwaka 1893, kwa hiyo utakuta mipaka ya mashamba mengine ina umri mkubwa kuliko vijiji vinavyoyazunguka.

Pata mipaka hiyo mapema, kutoka kwa wahusika na kwa maandishi, iweke kwenye ramani siku ya kwanza na si siku ya mwisho. Ikiwa watu wanaishi ndani ya shamba la mkonge, warekodi hivyo hivyo walivyo, kama ukweli wa mahali, bila kuupaka rangi ya kilimo cha kijiji. Ushahidi wa nani yuko wapi unaweza kuwasaidia kwenye madai. Rangi ya uongo haitawasaidia popote.

Pwani na kandokando ya mito kumbuka zile mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kompyuta huzichora kwa sekunde moja, na ni afadhali kijiji kizione kikiwa bado kinapanga.

Droni hapa si dawa. Inatoa picha tamu sana, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na haijui hati ni ya nani.

Data zimepotea

Fomu zilijazwa kwenye programu za kukusanyia data kama KoboToolbox au QField, hazikutumwa kwa sababu hakuna mtandao, kishkwambi kikarudishwa stoo na kufutwa. Kila jioni hamisha kwenye laptop na kwenye flashi moja inayobaki kijijini, kisha hesabu kwa sauti: leo tumepima mashamba 31, humu yamo 31? Ofisi moja niliyowahi kufanya nayo kazi ilikuwa na data za vijiji tisa kwenye laptop moja, na laptop ile ikamwagikiwa na soda. Sitasema zaidi.

Mkutano mkuu umekataa

Kwanza hakikisha umekataa ramani, na si siku yenyewe. Mkutano ulioitwa siku ya gulio, au Ijumaa mchana, au mvua za kwanza zikiwa zimeshuka, utakuwa na watu wachache na wenye hasira.

Ikiwa ni ramani, angalia ilivyobandikwa. Kaskazini juu ni desturi ya wachora ramani. Mtu ambaye maisha yake yote bahari iko mbele yake akiamka haoni sababu ya bahari kukaa kuliani. Ishushe ukutani, ilaze chini, igeuze mpaka barabara ya kwenye karatasi ielekee kama barabara ya kweli. Nimeona ubishi wa saa nzima ukiisha hapo. Andika majina wanayotumia wao, Kwa Fulani, Penye Mkwaju, wala si majina ya vitongoji yaliyoko kwenye faili la wilaya.

Na kuna kukataa kwa hofu: "mnatupima ili mtunyang'anye." Usikujibu kwa hotuba ya maendeleo. Onyesha kwa kidole. Hapa ni ardhi ya watu binafsi, hapa ya pamoja, hapa ya akiba, na hii ya akiba hakuna anayeigawa bila muhtasari utakaopita kwenu. Nani atatunza nakala, nani anaweza kuomba kuiona. Ukiulizwa usilolijua, sema utauliza, na urudi.

Ikishapita, nakala moja masjala ya ardhi ya kijiji, kwenye kabati la chuma kwa sababu ya mchwa, moja wilayani, na moja mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuitazama bila kumwomba mtendaji ufunguo. Kule Handeni wameibakiza darasani. Niliipitia mwaka jana: rangi za mbali zote ziko sawa, mpaka unasomeka, ila pale penye kisima karatasi imefifia ikawa nyeupe kwa kuguswa na vidole. Safari ijayo nitawapelekea iliyolaminishwa.